Kununua nyumba ya fremu Kariakoo ili uvunje na kujenga ghorofa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Pita mtaa wa Narung'ombe, Sikukuu au Swahili, utaiona imebanwa katikati ya ghorofa mbili: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, bati limeshika kutu, baraza limegeuka kaunta, vyumba vya mbele vimetobolewa ukuta vikawa fremu nne za maduka, na uani kumejaa marobota. Hakuna wiki inayopita bila mtu kunipigia simu kuhusu nyumba ya namna hiyo. Kodi inaingia, kiwanja kiko sokoni kabisa, na yeye anataka kuvunja apandishe ghorofa. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa na majibu yake. Nazungumzia Dar es Salaam, Kariakoo hasa. Mengi yanafaa pia Magomeni, Ilala na Temeke. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, usiyahamishe haya kule.

Ninachonunua hasa ni nini, nyumba au kiwanja?

Kisheria unanunua haki ya kukitumia kiwanja kwa miaka fulani. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inampa mwananchi haki ya kuimiliki kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei uliza imebaki miaka mingapi. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inaisha 2028. Nimekaa kwenye kikao watu wakipatana fedha nzito kwa kiwanja ambacho hati yake imebakiza miaka mitatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameisoma tarehe ya kuanza. Muda huombewa upya, lakini andikeni kwenye mkataba nani anaomba, nani analipia, na fedha gani inabaki bila kulipwa mpaka jibu litoke.

Kwa bei ya sokoni, unalipia kodi ya leo na ghorofa ambalo halijajengwa. Dalali atakueleza vyote viwili bila kuulizwa. Hatakwambia itachukua muda gani kutoka hapo mpaka siku nyumba itakapokuwa tupu, kibali kiko mkononi na greda liko mlangoni. Waliofilisika kwenye biashara hii, wengi niliowaona walifilisiwa na muda huo, si na bei.

Muuzaji anasema nyumba inaingiza milioni nane kwa mwezi. Nimwamini?

Mwombe daftari. Mama mmoja mwenye nyumba aliwahi kunitolea kaunta buku lililofungwa mgongo kwa selotepu nyeusi. Kila fremu ilikuwa na kurasa zake, kila malipo yana tarehe, mpangaji amesaini kwa kalamu ya bluu na mama kwa nyekundu. Nililiheshimu daftari lile kuliko mikataba mingi iliyogongwa mihuri. Lakini kwenye fremu ya tatu, saini ya bluu ilikuwa imebadilika mara tatu ndani ya miaka minne, na kodi haikupanda hata shilingi.

Maana yake ni kilemba. Mpangaji wa kwanza amemwachia mwenzake fremu kwa fedha nzuri, yule naye akamwachia wa tatu, na mama mwenye nyumba anaendelea kupokea kodi ile ile ya zamani akidhani anashughulika na mtu mmoja. Aliyeko ndani leo amelipa mamilioni kuingia, na hakumlipa mama. Siku utakapompa notisi atakwambia umrudishie kilemba chake. Kisheria si deni lako, lakini usitegemee atoke kimya kimya kwa hoja hiyo.

Kodi inayotajwa kwa mdomo huwa ni ile fremu ya kona ingepangishwa leo. Wewe tafuta iliyolipwa kweli, kwa miezi kumi na miwili iliyopita, ukitoa miezi ambayo fremu ilikaa tupu. Halafu zungukia mita za LUKU ukumbini. Fremu nne na vyumba sita vikiwa na mita mbili tu, umeme unagawanywa kwa maelewano, na kuna ugomvi ambao hujasimuliwa. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye umeme, kwa hiyo mpangaji anayenunua LUKU anamlipia mwenye nyumba, na wengi wanaikata wenyewe kwenye kodi ya pango bila kuandika popote.

Angalia pia mkataba uko kwa fedha gani. Wapo waliokuwa wakitoza kwa dola. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza tarehe 28 Machi 2025 zimezuia bei za ndani ya nchi kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo hesabu ya muuzaji iliyojengwa juu ya dola kupanda kila mwaka ifute, uanze upya kwa shilingi. Na kama mpangaji mkubwa ni mgeni mwenye duka la rejareja, kumbuka amri ya Julai 2025 iliyoorodhesha biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, rejareja na jumla zikiwemo. Kodi yake ya mwaka jana haikuhakikishii ya mwaka kesho.

Umewahi kuumwa na kodi iliyolipwa kabla?

Nimewahi. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii tulinunua nyumba mimi na ndugu zangu wawili, fremu tatu mbele. Mikataba tuliyoonyeshwa ilikuwa inaisha Desemba. Januari tukapeleka notisi. Mzee wa fremu ya kati, muuza vitenge, hakubisha. Aliingiza mkono chini ya meza akatoa bahasha ya khaki, ndani yake karatasi moja ya daftari, imekunjwa mara nne: amempa marehemu mwenye nyumba kodi ya miaka mitatu mbele, alipokuwa anauguliwa. Kidole gumba cha marehemu kilikuwa pale chini, na mashahidi wawili. Msimamizi wa mirathi aliyetuuzia aliapa hakujua, na nadhani kweli hakujua.

Tungeweza kwenda kushtakiana. Tulipiga hesabu ya miezi tukamrudishia mzee fedha ya muda uliobaki, pamoja na ya kuhamisha mzigo, akatoka baada ya Idi. Tangu siku ile sinunui nyumba kabla sijakaa na kila mpangaji peke yake, nikamwomba aandike kwa mkono wake: nimelipa mpaka tarehe fulani, sina fedha nyingine kwa mwenye nyumba, asaini. Wengine hukataa kusaini, na hapo unajua wapi pa kuchimba zaidi.

Kodi ya fremu itanilipia riba ya mkopo wakati nasubiri kibali?

Haitoshi. Chukua namba za mfano tu. Fremu nne kwa 1,500,000 kila moja ni milioni 6 kwa mwezi. Vyumba sita vya uani vinavyotumika kama stoo kwa 400,000 ni milioni 2.4. Jumla 8,400,000 kwa mwezi, yaani 100,800,000 kwa mwaka. Bei umeambiwa bilioni 2. Kodi yote ya mwaka, kabla hujagusa kodi ya serikali wala bomba la choo lililopasuka, ni kama 5% ya bei.

Sasa umekopa nusu, bilioni 1, tuseme kwa 16%. Riba ya mwaka ni milioni 160. Ukitoa kodi ya zuio, ile 10% ya pango inayokatwa kwenda serikalini, unabaki na 90,720,000. Unapungukiwa na milioni 69 na ushee, karibu milioni 5.8 kila mwezi, na hapo bilioni yako ya mfukoni sijaihesabia kitu. Miezi kumi na minane ya mvutano na wapangaji, warithi na kibali inakula zaidi ya milioni 100 kabla hujanunua mfuko mmoja wa saruji.

Ndiyo maana nasema kodi ya nyumba kuukuu inakupunguzia maumivu tu. Muuzaji ameshaweka thamani ya ghorofa kwenye bei, na fremu zilizopo zinalipa kama fremu za nyumba ya bati. Ukinunua kwa hesabu ya kwamba wapangaji watakulipia mkopo, umenunua vibaya. Nunua kama hesabu inakubali fremu zikae tupu mwaka mzima. Ikikataa, punguza bei au acha.

Wapangaji nitawatoaje?

Mkataba ulio hai unabaki hai nyumba ikibadilisha mkono. Unamrithi mpangaji pamoja na masharti aliyopewa na mwenzako, ndiyo maana ya ile karatasi ya mzee wa vitenge. Ambaye mkataba wake umeisha na bado anapokelewa kodi ni mpangaji wa kipindi, na notisi yake isipungue kipindi anacholipia. Kama analipa kwa miezi sita sita, usimpelekee notisi ya siku thelathini ukategemea itasimama mbele ya Baraza la Ardhi.

Kung'oa bati, kukata umeme, kuleta vijana usiku: mambo haya yanafanyika mjini, na kila mara nimeona yakimrudia mwenyewe. Mpangaji anakimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, anapata zuio, na ratiba yako iliyokuwa ya miezi inakuwa ya miaka.

Kinachofanya kazi ni tarehe nzuri na kifuta jasho. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaishi kwa misimu. Ukimwambia atoke Novemba, au katikati ya Ramadhani mzigo wa Idi ukiwa ndani, umemtangazia vita. Mwambie baada ya Idi, mpe miezi yake ya mwisho bila kodi, na mwandikie ahadi kwamba jengo likiisha ana nafasi ya kwanza ya kupanga. Hiyo ahadi iandike kwa uangalifu: nafasi ya kwanza kwa kodi ya wakati huo, siyo fremu ile ile kwa kodi ya zamani. Wengine wameandika la pili kwa haraka ya kumtoa mtu, wakalijutia.

Mpangaji anayesumbua mara nyingi si wa fremu. Ni bibi anayekaa chumba cha uani tangu miaka ya zamani, halipi kodi, na ukiuliza unaambiwa "huyu ni shangazi". Hapo ujue umefika kwenye swali linalofuata.

Nyumba ni ya urithi na watoto wote wanakubali kuuza. Kuna tatizo?

"Wote" ni wangapi, na nani amewahesabu? Nyumba nyingi za Kariakoo zilijengwa na mababu, zimepita vizazi viwili au vitatu, na hati bado inasoma jina la aliyezikwa zamani. Kikao cha ukoo si hati. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na jina lake linapaswa kuingizwa kwenye hati kabla ya kuhamisha kwako.

Nenda mahakama iliyomteua ukalione faili mwenyewe. Soma majina ya warithi waliotajwa siku ya maombi, ulinganishe na wale uliowakuta sebuleni. Mara kwa mara kuna mtoto wa mke wa pili aliyeko Tanga au Muscat ambaye hakutajwa. Kuna mrithi aliyefariki baada ya baba, ambaye sasa ana warithi wake. Kuna mtoto mdogo, na fungu lake haliwezi kusainiwa na mjomba kwa kuwa ni mjomba. Usimamizi wenyewe unaweza kupingwa na kufutwa, kwa hiyo msimamizi aliyeteuliwa mwezi uliopita huku dalali akimharakisha ni wa kuogopwa. Malipo yapitishe benki, kila mrithi kwenye akaunti yake, asaini kupokea. Ukimkabidhi msimamizi fedha yote, atakayenyimwa fungu atakuja kwako. Kwa kaka yake haendi.

Jambo la pili ni wakfu. Familia za Kiislamu za Kariakoo zimeacha nyumba kadhaa wakfu, kwa msikiti au kwa kizazi. Nyumba ya wakfu haiuzwi, hata wajukuu wote wakisaini. Uliza msikiti wa jirani. Wazee wanajua nyumba ipi ina wakfu hata kama karatasi imeliwa na mchwa.

La tatu, kama muuzaji yuko hai na ana ndoa, ridhaa ya mwenza wake iwe kwenye maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya familia, na Sheria ya Ardhi inakutaka wewe mnunuzi ndiye uulize kama mke au wake wameridhia. "Sikujua ana mke mwingine" haikusaidii kama hukuuliza.

Upekuzi wa hati utaniambia nini?

Jina lililosajiliwa, rehani ya benki, pingamizi lililowekwa, muda wa hati na matumizi yaliyoruhusiwa. Fanya upekuzi wiki ya kuzungumza bei, urudie siku moja kabla ya kulipa. Angalia pia deni la pango la ardhi kwa Serikali. Usishangae karatasi za zamani kuandikwa Manispaa ya Ilala: tangu 2021 ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Na ukionyeshwa leseni ya makazi badala ya hati, hicho ni kibali cha muda mfupi. Bei yake haiwezi kuwa ya hati.

Naweza kujenga ghorofa ngapi?

Hakuna jibu la simu kwa swali hili. Inategemea mpango wa eneo, upana wa barabara, ukubwa wa kiwanja na matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Hati ikisema makazi, na wewe unataka maduka chini na vyumba au stoo juu, utaomba kubadilisha matumizi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, kisha kibali cha ujenzi. Nyuma yake kuna mambo ya mazingira kwa NEMC, chombo cha Serikali cha usimamizi wa mazingira, Zimamoto kuhusu ngazi na njia za kutokea, na wataalamu waliosajiliwa: msanifu, mhandisi, mkandarasi. Kwamba jirani ana ghorofa nane haina maana na wewe utapata nane. Huenda hata yeye alipewa tano.

Viwanja vya Kariakoo vilikatwa kwa ajili ya nyumba ya vyumba sita na uani. Kwenye kiwanja kama hicho, ukitoa nafasi ya lifti, ngazi mbili, vyoo na tangi la maji, kila sakafu inabaki na eneo la kupangisha dogo kuliko unavyofikiri. Mwombe msanifu akuchoree sakafu moja tu kabla ya kununua, mchoro wa penseli unatosha, akupigie mita za mraba zitakazolipa kodi. Nimeona mchoro huo ukiua mpango ndani ya dakika ishirini, na gharama yake ilikuwa chai na nauli.

Wanasema fremu za chini ya ardhi zinalipa. Nichimbe?

Zinalipa. Na hapa naomba usome pole pole.

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka likaua watu 36. Jumamosi asubuhi, tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilianguka Kariakoo, kona ya Mchikichi na Congo, wafanyabiashara na wateja wakiwa ndani. Waokoaji walikaa siku kadhaa wakizungumza na watu waliokwama chini kabisa, kwenye sakafu ya chini ya ardhi. Walikufa zaidi ya 20. Baada ya hapo Serikali iliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo, na mnunuzi yeyote wa leo anaingia sokoni macho yakiwa wazi.

Udongo wa pale ni wa mchanga, maji hayako mbali, na ukuta wa jirani umekugusa bega. Ukichimba kwenda chini bila kuzuia kingo kitaalamu, nyumba ya jirani inakufuata shimoni. Lipia upimaji wa udongo kabla ya kuchora, piga picha za nyufa zote za jirani mbele yake na mjumbe kabla ya kuanza, na kama mhandisi atakwambia gharama ya kushikilia kingo inameza faida ya fremu za chini, mshukuru uendelee na sakafu ya juu.

Na usinunue jengo lililokwisha simama ukidhani utaongeza ghorofa mbili juu yake kwa sababu nondo zimeachwa zimechomoza. Nondo zilizochomoza darini hazikuelezi kilichoko kwenye msingi.

Je, kununua kiwanja cha jirani na kuunganisha?

Ni jambo zuri kuliko yote, na gumu kuliko yote. Viwanja viwili vikiwa kimoja, lifti na ngazi ni zile zile lakini eneo la kupangisha linazidi mara mbili. Tatizo ni kwamba jirani akishajua umenunua cha kwanza, bei yake inapaa. Anza na mazungumzo ya wote wawili kabla ya kulipa popote, na kila mmoja umwekee amana yenye sharti kwamba mauzo yanakamilika wote wakikubali. Uunganishaji wenyewe ni upimaji mpya na hati mpya, kwa hiyo uhesabie muda wake.

Kodi na ada za kuhamisha ni zipi?

Mthamini anathamini, ripoti inaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Muuzaji mkazi analipa TRA 10% ya faida aliyoipata, na bila hati ya TRA uhamisho hausogei. Ushuru wa stempu ni 1%. Fomu ni Na. 29, 30 na 35, wakili anazijua. Wauzaji wengi hutaka "bei mkononi", maana yake kodi yao ulipe wewe. Sawa, ila iingize kwenye bei. Na usikubali kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kumpunguzia: siku ukiuza, faida yako itahesabiwa kuanzia hiyo bei ndogo.

Dalali achukue ngapi?

Mliyopatana kwa maandishi kabla hajakuonyesha nyumba. Na awe mmoja. Kwenye mauzo makubwa huota madalali watano, kila mmoja "ndiye aliyeileta". Hiyo amri ya Julai 2025 inawazuia wasio raia kwenye udalali wa nyumba na ardhi pia.

Familia haitaki kuuza, inataka ubia. Niingie?

Mara nyingi ndiyo njia yenye akili kwa pande zote. Familia inaleta kiwanja, wewe unaleta fedha na ujenzi, mnagawana sakafu au miaka ya kupangisha. Huzami bilioni kwenye ardhi, na warithi hawabaki mikono mitupu fedha za mauzo zikishaisha, jambo ambalo kwenye koo nyingi huchukua miaka miwili.

Mvutano uko kwenye sakafu ya chini. Fremu za barabarani zinalipa kuliko ghorofa yoyote ya juu, kwa hiyo "nusu kwa nusu" bila kusema nusu ipi si mkataba. Pangeni pia familia itakula wapi wakati wa ujenzi, kwa kuwa kodi yao ya kila mwezi inakatika siku unayovunja. Andikeni mradi ukisimama kwa miezi sita nini kinatokea, na hati itakaa kwa nani. Na mkataba wenyewe usajiliwe. Mkataba wa ubia uliokaa kwenye droo ya wakili, mzee akifariki, warithi wapya hawaujui.

Shirika la Nyumba la Taifa nalo lina sera ya ubia na lina nyumba nyingi Kariakoo, nyingine zilizotaifishwa mwaka 1971. Mpangaji wa nyumba ya Shirika akikwambia anakuuzia "nyumba yake", anachokuuzia ni kilemba tu.

Naishi nje ya nchi. Naweza kununua?

Ukiwa bado raia wa Tanzania, unaweza. Unampa mtu hati ya uwakilishi iliyothibitishwa ubalozini au kwa mthibitishaji wa huko. Iandike kwa kiwanja kimoja na kazi moja, isimpe mamlaka ya kuuza. Asiye raia kwa kawaida hapewi ardhi ila kwa uwekezaji, kupitia mamlaka ya uwekezaji, na kampuni ambayo wageni ndio wenye hisa nyingi inahesabiwa mgeni. Kutumia jina la shemeji kama kivuli ni kumpa shemeji kiwanja.

Nitaweza kuuza sakafu moja moja?

Ndiyo, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inaruhusu kila sehemu iwe na hati yake. Mwambie msanifu mapema, maana ramani ya sehemu na maeneo ya pamoja ni lazima viendane na jengo lilivyosimama. Ukijenga kwanza halafu ukaanza kukata sehemu, utakuta choo cha pamoja kimeangukia kwenye duka la mtu.

Nimeshalipa na hati imehama. Siku ya kwanza nifanye nini?

Nenda saa mbili asubuhi, kabla wateja hawajajaa, uende na aliyekuuzia. Pita fremu kwa fremu, yeye ndiye aseme: kuanzia leo mwenye nyumba ni huyu. Kila mpangaji mpe barua yenye namba ya akaunti ya kulipia, abaki na nakala iliyosainiwa. Andika usomaji wa mita za maji. Piga picha ya kila chumba, hata kile cha shangazi. Halafu nunua daftari jipya, na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu.